Kiti cha Bibi, Akakikalia Bwana

Septemba 2009, Bunge la Meksiko lilipoanza kikao kipya, wabunge waliapa, wakapigwa picha, na kabla viti havijapata joto baadhi ya wabunge wanawake wakaanza kupeleka barua za kuomba likizo. Hawakuwa mmoja wala wawili, wala hawakuwa wa chama kimoja. Kwa utaratibu wa kule, kila mbunge huchaguliwa pamoja na mbadala wake, ili akiondoka kiti kisibaki wazi. Mbadala wa akina mama hawa walikuwa nani? Wanaume. Wengine ni waume zao, wengine kaka zao, wengine vigogo wa chama waliokitaka kiti hicho tangu mwanzo.

Sheria ilikuwa imeviagiza vyama visishushe jinsia yoyote chini ya asilimia 40 ya wagombea. Vyama vikatii kwenye karatasi, halafu vikasubiri kiapo kipite. Wananchi wakawapachika wanawake hao jina la Juanitas, kutokana na Juanito, bwana mmoja wa Iztapalapa jijini Mexico aliyegombea mwaka huohuo kwa makubaliano kwamba akishinda atampisha mtu mwingine. Kichekesho ni kwamba aliyepishwa na Juanito alikuwa mwanamke, Clara Brugada, ambaye Oktoba 2024 aliapishwa kuongoza jiji lote la Mexico.

Nayakumbusha haya kwa sababu tangu Claudia Sheinbaum achaguliwe rais wa kwanza mwanamke wa Meksiko, Juni 2024, nasikia maelezo ya haraka haraka: Wameksiko wameelimika, mfumo dume umechoka, dunia imebadilika. Sikubaliani. Wanawake wa Meksiko walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa mwaka 1953, na zaidi ya nusu karne baadaye bado walikuwa wakitumika kama wapangaji wa muda wa viti vya waume zao. Kilichobadilisha hesabu ni kuziba matundu ya sheria, tundu moja baada ya jingine, kila vyama vilipogundua njia mpya ya kuchepuka.

Tundu la kwanza lilizibwa mahakamani. Wanawake wa vyama tofauti, ambao kwenye kampeni hawapikiki chungu kimoja, walifungua shauri pamoja, na mwaka 2011 mahakama ya uchaguzi ikaamua kwamba mgombea akiwa mwanamke, mbadala wake naye awe mwanamke. Ikafuta pia kisingizio cha "huyu alipita kwenye kura za maoni," ambacho vyama vilikitumia kukwepa idadi. Mwaka 2014 Katiba ikadai nusu kwa nusu kwa wagombea wa ubunge. Sheria ya vyama ikaongeza jambo ninalolipenda kuliko yote: marufuku kuwapeleka wagombea wa jinsia moja tu kwenye majimbo ya uchaguzi ambayo chama kinajua kitashindwa. Aliyeandika kifungu hicho aliwajua vizuri makatibu wa vyama. Mwaka 2019 usawa ukapanuliwa hadi baraza la mawaziri na mahakama.

Kisha ikaja zamu ya magavana. Mwaka 2021 majimbo 15 yalikuwa yakichagua gavana, na kila chama kikalazimika kusimamisha wanawake katika majimbo yasiyopungua saba. Wanawake sita wakashinda. Mmoja wao ni Evelyn Salgado wa Guerrero, aliyeingia baada ya jina la baba yake, Félix Salgado Macedonio, kukatwa na tume ya uchaguzi. Baba kaenguliwa, binti kapita. Wanaopinga sheria hizi wana haki ya kuniuliza: huo ndio ukombozi? Jibu langu ni kwamba siasa za ukoo zilikuwepo zamani, ila warithi walikuwa watoto wa kiume tu.

Meksiko haikuanzisha hili. Argentina ilitangulia mwaka 1991 kwa kutaka asilimia 30 ya wagombea wawe wanawake, tena wawekwe kwenye nafasi za kuweza kushinda, wasitupwe mkiani mwa orodha. Orodha isiyotimiza sharti haikusajiliwa. Meno ya sheria yalikuwa hapo tu, kwenye orodha kukataliwa.

Na hapo ndipo kwetu tunapoteleza. Tanzania tuna viti maalum, Kenya wana wawakilishi wanawake wa kaunti 47. Vyote ni vya kuongeza, kama kutandika mkeka wa pili wageni wakizidi: waliokaa mkeka wa kwanza hawasogei hata inchi. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili bungeni. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza hilo. Bunge halikuvunjwa, na uchaguzi wa 2022 ukapita vilevile.

Sisemi akina mama wa Amerika ya Kilatini wamefika. Nchini Bolivia, diwani Juana Quispe wa Ancoraimes alizuiwa kukaa kwenye kiti alichochaguliwa, akabughudhiwa na wenzake, na Machi 2012 akauawa. Miezi miwili baadaye Bolivia ikapitisha sheria dhidi ya ukatili wa kisiasa kwa wanawake, sheria iliyokuwa imesubiri kwa miaka. Meksiko kwenyewe wastani wa wanawake kama kumi huuawa kila siku, na rais kuvaa sketi hakujalibadilisha hilo. Anayetaka kunishawishi kwamba idadi ya wabunge peke yake inaokoa maisha ana kazi kubwa.

Hata hivyo kuziba matundu kunaendelea. Mwaka 2023 Meksiko iliingiza kwenye Katiba kwamba aliyehukumiwa kwa ukatili dhidi ya wanawake, au anayedaiwa fedha za matunzo ya watoto, hagombei wala hateuliwi. Hebu kifungu hicho cha matunzo tukilete kwenye fomu za uteuzi za vyama vyetu, uchaguzi ujao. Nahisi kuna majimbo yatakayokosa mgombea.