Mlikohoa Desemba 2019, sawa. Sampuli iko wapi?

Kitu kinachonifurahisha kuliko vyote kwenye maabara za huku Italia ni kisanduku cha friza. Kina matundu 81, tisa kwa tisa, kila kichupa kina namba na tarehe. Ukitaka damu ya Novemba 2019 unaingiza namba kwenye kompyuta, inakuambia friza ya ngapi, rafu ya ngapi, tundu gani. Dakika tano unayo mkononi, imeganda kwa nyuzi 80 chini ya sifuri kama siku ilipoingia.

Ndiyo maana ubishi unaorudi kila mwaka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp unanichoma. Huyu anasema corona ilikuwepo Bongo tangu Novemba, mtaa mzima ulikohoa. Yule anasema hapana, ilianza Machi 16, 2020 alipotangazwa mgonjwa wa Arusha. Mpaka alfajiri hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kumaliza ubishi: sampuli iko wapi?

Huku waliuliza. Ufaransa ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza Januari 24, 2020. Baadaye madaktari wa nje kidogo ya Paris wakarudi kwenye friza, wakachagua sampuli 14 za wagonjwa waliokuwa wamelazwa chumba cha mahututi kwa matatizo ya kupumua, wakazipima upya. Moja, ya Desemba 27, 2019, ilikuwa na kirusi. Italia nayo ilimgundua mgonjwa wake wa mji wa Codogno usiku wa Februari 20, 2020, kisha taasisi ya taifa ya afya ikatoa sampuli 40 za majitaka zilizokusanywa Oktoba 2019 hadi Februari 2020. Za Milano na Torino za Desemba 18 zilikuwa na vinasaba vya kirusi. Kumbuka, majitaka hayo hayakuwekwa kwa ajili ya corona. Yaliwekwa kwa kazi nyingine, na mtu hakuyamwaga.

Kuna sampuli nyingine za utafiti huo ambazo watu huziruka: 24 za Septemba 2018 hadi Juni 2019. Zilipimwa kwa njia ileile na zote zikatoka safi. Mimi hizo ndizo nazithamini zaidi, kwa sababu kipimo kinachosema "ndiyo" hakina maana mpaka ukione kikisema "hapana" pale inapopaswa kuwa hapana.

Najua kuna anayesema tayari, "Ameanza, kila cha Wazungu ni kizuri." Hapana ndugu yangu. Huku pia wamekosea, tena hadharani. Barcelona walitangaza kirusi kwenye majitaka ya Machi 12, 2019. Sampuli moja tu, miezi kabla yake hakuna kitu, miezi baada yake hakuna kitu. Kirusi kinachoambukiza kwa hewa hakifanyi hivyo. Hapa Milano wakapima damu za watu 959 waliokuwa kwenye uchunguzi wa saratani ya mapafu, wakasema 111 walikuwa na kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, wengine tangu Septemba 2019. Walipopima kama kingamwili hizo zinaweza kweli kukizuia kirusi kisiingie kwenye seli, waliobaki ni sita. Na kabla ya corona kulikuwa na baharia wa Manchester aliyefariki 1959. Mwaka 1990 ikatangazwa kwamba tishu zake zilikuwa na VVU, dunia nzima ikaamini. Mwaka 1995 vinasaba vikasomwa vizuri, kumbe ni vya kirusi cha kisasa, kilichoingia kwenye kipimo kwa uchafuzi.

Uchafuzi huo huingia hivi. PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba vya kirusi, huzidisha kipande cha kinasaba mara mamilioni, mzunguko baada ya mzunguko. Ukifungua kichupa kilichokwisha kuzidishwa kwenye meza ileile unayoandalia sampuli mpya, tone lisiloonekana linatosha kuharibu kazi ya mwezi mzima. Kwa hiyo chumba cha kuandalia na chumba cha kuzidishia havikai pamoja, wala koti la chumba cha pili halirudi cha kwanza. Katikati ya sampuli unaweka vichupa vya maji matupu, na maji yakitoka chanya, majibu yote ya siku hiyo yanatupwa. Unalenga jeni mbili au zaidi za kirusi, si moja. Kipimo kikiwaka mzunguko wa 25, kirusi ni kingi. Kikiwaka wa 38, usitangaze kitu mpaka maabara nyingine irudie bila kujua kichupa kipi ni kipi, na vinasaba visomwe.

Kingamwili zina mtego mwingine. Kipimo chenye usahihi wa asilimia 99 kwa wasioambukizwa kitakupa chanya bandia 10 katika watu 1,000 ambao hawajawahi kukutana na kirusi. Ukitafuta ugonjwa ambao bado haujafika, chanya zako zote ni hizo 10. Kwetu hali ni ngumu zaidi. Damu za Tanzania na Zambia zilizochukuliwa kabla ya corona zilionekana kushikana na vipimo vya corona mara nyingi kuliko damu za Marekani, na utafiti mwingine wa Afrika umehusisha jambo hilo na malaria. Kwa hiyo atakayekuletea kipimo cha kingamwili cha damu ya 2019 kutoka wilaya yenye malaria, muulize kwanza alipima ngapi za 2017.

Na hesabu nyepesi ya kikohozi cha Desemba ni hii. Kirusi kile cha mwanzo, kikiachwa bila kuzuiwa, idadi ya walioambukizwa iliongezeka maradufu kila baada ya karibu siku tatu. Ndani ya siku 30 inaongezeka maradufu mara kumi, yaani mmoja anakuwa zaidi ya elfu. Kama mtaa mzima ulikuwa nacho Novemba, wodi zingefurika kabla ya Krismasi kama mji wa Bergamo hapa Italia ulivyofurika Machi 2020. Lakini mtu mmoja mmoja kufika nacho mapema, akaambukiza wawili na mnyororo ukakatika? Hilo linawezekana kabisa, kwa sababu wengi walioambukizwa hawakuambukiza mtu. Sikatai. Nasema bila sampuli hakuna wa kulithibitisha wala wa kulikanusha.

"Sasa unatutukana maskini, unajua umeme wetu ulivyo." Nisikilize. Kilifi, pwani ya Kenya, wana friza. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale walipotaka kujua corona imeenea kiasi gani Kenya, walitumia mabaki ya damu ya wachangiaji, zaidi ya 3,000, za Aprili hadi Juni 2020. Kabla ya hapo walikijaribu kipimo chao kwa damu zaidi ya 900 za pwani za mwaka 2018. Damu ya watu wetu, kwenye friza yetu, kazi ya mikono yetu. Ile ndiyo sayansi, na nilijivuna nayo huku kama mtu aliyefunga bao.

Tena kisa kikubwa kuliko vyote cha kirusi kilichozunguka kabla ya kujulikana kilifumbuliwa kwa vitu vya Kongo. UKIMWI ulielezwa mara ya kwanza Marekani Juni 1981. Damu iliyochukuliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1959 ilikuwa na VVU. Hiyo ilihifadhiwa Marekani, na hapo mnaolalamika kwamba damu zetu huondoka na majibu yakabaki huko mna haki. Lakini ya pili je? Tezi ya limfu ya mwanamke, ya mwaka 1960, ilikaa Kinshasa kwenyewe ndani ya kipande cha nta. Bila friza, bila jenereta, ikapita vita na serikali kadhaa. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba vinasaba vyake vimesomwa. Zile sampuli mbili zilitofautiana kwa zaidi ya asilimia 11, na kwa kuwa vinasaba vya kirusi hubadilika kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita, tofauti hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba kirusi kilianza kusambaa kwa watu kati ya 1884 na 1924.

Nta! Hospitali zetu za rufaa huzalisha vipande hivyo kila siku ya kazi. Halafu stoo inajaa, anakuja bosi mpya, anasema toeni takataka hizi. Hapo ndipo moyo unaniuma.

Anayetaka kuhifadhi anaweza kwa alichonacho. Tishu iingie kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyotiwa bafa, saa 24 hivi, si wiki tatu. Fomalini isiyo na bafa inakuwa tindikali na kukatakata vinasaba. Vipande vya nta vikae pakavu, penye kivuli, kwenye droo za chuma, maana panya na mchwa hawachagui. Mwenye kupima atafute vipande vifupi vya kinasaba, kwa sababu virefu vitakuwa vimevunjika.

Kwa damu, wauguzi wetu wanaijua karatasi ya DBS, ya kukaushia matone ya damu, kuliko wengi wa huku, wanapima nayo VVU kwa watoto wachanga. Jaza duara, lisiguswe, likauke kwa muda wa saa nne au usiku kucha mbali na jua, usipange karatasi moja juu ya nyingine zikiwa mbichi. Kisha mfuko wa kufunga, vifuko vya kunyonya unyevu, na kikadi cha kuonyesha unyevu. Kikibadilika rangi, badilisha vifuko, la sivyo ukungu utakula kila kitu. Mgonjwa aombwe ridhaa ya kutunza mabaki siku hiyohiyo, si miaka kumi baadaye.

Na mwenye friza ya nyuzi 80 asigandishe mililita tano kwenye kichupa kimoja. Agawe nusu mililita kila kimoja, kwa sababu kila ukiyeyusha na kugandisha tena unapoteza kirusi. Matundu matupu ajaze vichupa vya maji. Friza iliyojaa hustahimili umeme kukatika kwa muda mrefu zaidi.

Tarehe kwenye kaseti ya tishu, kile kisanduku kidogo cha plastiki, andikeni kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye zailini, kemikali ya kuandalia tishu, na kipande kisicho na tarehe hakiwezi kusema kama kilikuwepo kabla au baada.