Mizani Ikigoma, Usikimbilie Kujinyima Zaidi

Uzito ukikwama, kila mtu hugeuka mganga. Huyu atakwambia achana kabisa na wanga. Yule atakwambia ongeza mazoezi, ya asubuhi hayatoshi, weka na ya jioni. Na wa tatu, ambaye hajawahi kuruka hata mlo mmoja tangu azaliwe, atakutazama kwa jicho la pembeni na kusema, "Sema ukweli, usiku huwa unafunua sufuria." Nimeyasikia yote matatu, kilo zangu zikiwa zimegoma palepale, na siku hizi nina msimamo unaowaudhi wote watatu: mtu aliyekwama asipunguze chakula tena. Ajue kwanza kama amekwama kweli. Akishajua, apafanye hapo alipofika kituo, akae kwa makusudi miezi kadhaa, bila aibu.

Wiki moja bila kushuka si kukwama. Hata mbili. Mizani haitofautishi mafuta, maji, misuli na chakula kilichomo tumboni; inajumlisha vyote na kukupa namba moja. Zile kilo zinazotoweka haraka mwanzoni, zinazotufanya tuwapigie watu simu kwa furaha, nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji yapatayo gramu 3. Ukipunguza chakula, akiba inatumika na maji yanatoka. Baadaye maji hayohayo yanakugeuka. Ukianza kunyanyua vyuma, misuli iliyochoka hushika maji. Mlo wenye chumvi nyingi, vivyo hivyo. Mwanamke anaweza kupanda kilo moja au zaidi siku chache kabla ya hedhi, kisha kilo hiyo ikaondoka yenyewe.

Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha nusu shibe kwa muda wa miezi sita vijana 36 waliojitolea. Walikuwa wamekataa kubeba silaha vitani kwa sababu ya imani zao. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Lakini vifundo vya miguu na nyuso zao vilivimba maji, na uvimbe huo ukaficha kiasi halisi walichokuwa wamekonda. Kama maji yaliweza kuihadaa mizani ya watafiti, ya kwako chumbani ni nani? Jipime asubuhi kabla ya kula, chukua wastani wa wiki nzima, uulinganishe na wastani wa wiki nyingine. Zungusha na futi ya fundi nguo kiunoni. Wastani ukiganda kwa wiki nne, na kiuno nacho hakijasogea, hapo sawa, umekwama.

Sasa yule rafiki wa sufuria. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inauma. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti juu ya watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na bado hawapungui. Walipopimwa kwa njia isiyotegemea maneno yao, miili yao ilikuwa inachoma nishati kama kawaida. Walichoripoti kula kilikuwa pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula kweli, na mazoezi waliyodai kufanya yalikuwa yamekuzwa kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo. Jicho la binadamu halikuumbwa kupima kalori. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na anayemimina kutoka kwenye chupa hahesabu vijiko. Anayeonja akipika haandiki alichoonja. Anayemaliza alichobakiza mtoto haoni kama amekula. Anaona ameokoa chakula kisimwagwe.

Kwa hiyo naunga mkono kupima na kuandika kila kinachoingia mdomoni, kwa wiki moja au mbili, ili upate taarifa. Baada ya hapo funga daftari. Nimeona watu ambao daftari hilo lilianza kama msaada likaishia kuwa hakimu, mtu hawezi kwenda kula na wenzake bila kutetemeka. Hiyo si afya.

Lakini kuna wanaopima, wanaandika, hawaibi, na bado wamekwama. Hao ndio ninaotaka kuwasemea, kwa sababu ndio wanaotukanwa bure.

Mwaka 1958 daktari wa Marekani, Max Wishnofsky, alikokotoa kwamba ratili moja ya uzito, karibu nusu kilo, ni sawa na kalori 3,500. Kutokana na hesabu hiyo ikazaliwa ahadi inayorudiwa mpaka leo kwenye programu za simu: punguza kalori 500 kila siku, utapungua nusu kilo kila wiki. Tatizo la ahadi hiyo ni kwamba inauchukulia mwili kama mzigo uliolala, unaomegwa bila kujibu. Mwili unajibu. Mtu aliyepungua ni mdogo, na mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuuendesha. Zaidi ya hapo, unabana matumizi. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walionyesha kwamba waliopoteza asilimia 10 ya uzito walitumia nishati pungufu kuliko ile ambayo ungetarajia hata kwa ukubwa wao mpya. Mkono unatulia, unakaa mahali ambapo zamani ungesimama, wala huoni.

Watu wengi hukomea hapo na kusema "metaboli yangu imeharibika", yaani namna mwili unavyochoma nishati. Msemo huo siupendi. Ulipata nguvu mwaka 2016, Kevin Hall na wenzake walipowapima washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito, miaka sita baada ya shindano, na kukuta miili yao inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Habari hiyo imetumika kuwatisha watu wasijaribu kabisa. Kisichotajwa ni kwamba katika kundi hilohilo, waliofanikiwa zaidi kubaki na uzito mdogo ndio waliokuwa wamebanwa zaidi. Hicho si kifaa kilichovunjika. Ni mwili unaovuta kamba kwa nguvu kadiri unavyovutwa.

Na kamba yenyewe, sehemu kubwa ni njaa. Hapa ndipo penye kiini cha yote, na ndipo washauri wetu watatu wasipotaka kupaangalia. Mwaka 1994 maabara ya Jeffrey Friedman, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, iligundua homoni ya leptini, inayotolewa na mafuta ya mwilini kuuarifu ubongo kuwa akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini inapungua, na ubongo unasoma taarifa hiyo kama dalili ya njaa kali. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walionyesha kwamba hata mwaka mmoja baada ya watu kupungua, homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado zinawasukuma kula. Kisha Hall na wenzake wakakadiria ukubwa wa msukumo huo: kwa kila kilo moja uliyopoteza, mwili unachoma pungufu kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula inapanda kwa kalori 100 hivi.

Piga hesabu. Aliyepoteza kilo 8 anavutwa kula kalori kama 800 zaidi kila siku ya Mungu, wakati mwili wake unahitaji pungufu kwa kalori 160 hadi 240. Anaamka na msukumo huo, anakwenda nao kazini, anapika akiwa nao, analala nao. Mizani haimwonyeshi chochote kwa sababu anachofanya ni kushikilia. Wewe unaona mtu aliyezembea. Yeye anatumia nguvu nyingi kuliko wiki ile ya kwanza aliyopongezwa na kila mtu. Ndiyo maana kumwambia "punguza tena kidogo" kunanikera. Unamwongezea mzigo aliyekwisha kubeba wa watu wawili. Mara nyingi mwisho wake unajulikana: atakaza kwa muda, kisha usiku mmoja atakula mpaka ajichukie, na asubuhi atakaza zaidi.

Kuongeza mazoezi nako hakuleti kile kinachotarajiwa. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaotembea kila siku kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Wanasayansi bado wanabishana jinsi mwili unavyofidia, lakini kwamba unafidia si siri tena. Mimi mazoezi nayapenda na siyaachi: moyo, sukari, usingizi, hasira zangu, vyote vinayahitaji, na yanasaidia sana kuuzuia uzito usirudi. Ila mtu anayejiongezea saa ya pili ya kukimbia kwa kuwa mizani imegoma ananunua majeraha ya magoti.

Hata dawa mpya za kupunguza uzito zimekutana na ukuta huu. Katika jaribio kubwa la sindano ya semaglutide lililochapishwa mwaka 2021, watu walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15, wakiwa kwenye dawa kwa wiki 68. Ni mafanikio makubwa. Lakini nao walifika mahali uzito ukagoma kushuka, na walioacha dawa walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito ndani ya mwaka. Ikiwa sindano inayoituliza njaa kutoka kwenye ubongo wenyewe inafika kikomo, wewe unayepambana na njaa hiyo kwa mikono mitupu unaonewa aibu ya nini?

Nirudi kwenye kituo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, wenye washiriki 3,234 waliokuwa wanauelekea ugonjwa huo. Kundi lililobadili mlo na kufanya mazoezi liliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kidogo. Wengi wanaolia kwamba wamekwama wameshavuka hapo zamani. Daktari akiwapima presha na sukari anaona faida. Wao wanaona namba waliyoitaka haijafika, na ukiwauliza namba hiyo waliitoa wapi, utasikia ni uzito wa siku ya harusi, au wa kabla ya mtoto wa kwanza.

Kukaa kituoni si kuacha. Unakula kiasi kinachokuweka ulipo, na kwa mtu aliyejinyima muda mrefu hiyo inaweza kumaanisha kuongeza kidogo, hasa protini. Unanyanyua vitu vizito ili misuli isiliwe. Na unalala. Kuhusu kulala, kuna jaribio dogo la mwaka 2010 ambalo sichoki kulitaja: watu 10 waliokula mlo uleule wa kupunguza uzito walipungua karibu sawa walipopewa saa 8 na nusu za kulala na walipopewa saa 5 na nusu. Lakini walipolala kidogo, mafuta waliyopoteza yalikuwa chini ya nusu. Kilichobaki kilikuwa sehemu ya mwili wasiyotaka kuipoteza. Mizani ilisema mambo ni yaleyale.

Wapo wasiopaswa kusubiri kituoni bali waende hospitali. Anayetumia dawa za steroidi, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili au sindano ya uzazi wa mpango, akaulize kama dawa ndiyo inayozuia, na asiiache mwenyewe. Mwenye uchovu usioisha, anayehisi baridi wenzake wakiwa na joto, akapimwe tezi ya thairoidi. Mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika, naye pia. Na yule anayekula mpaka ashindwe kujizuia kisha akajitapisha au kujiadhibu kwa kukimbia, huyo aache kabisa habari za kupungua kwanza, amwone daktari kwa ajili ya hilo.

Kwa waliobaki, miezi mitatu hivi inatosha. Ikiisha, angalia: je, njaa imetulia kidogo, unalala, nguo zimekaa? Kama bado unataka kushuka na afya inakudai, punguza tena kwa kiasi utakachoweza kuishi nacho wakati wa sikukuu na wakati wa misiba. Kama hutaki, vaa nguo zinazokutosha sasa, na zile ulizokuwa unazitunza kabatini mpe mtu azivae.