Jogoo Wangu Hayumo Kwenye Kifungu

Usiku wa kuamkia Jumatatu mwizi aliingia uani kwangu, Ng'ambo, hapa Tabora, akamchukua jogoo wangu, kisha akapitia kwa mama jirani na kubeba kitoto cha mbuzi kilichozaliwa juzi, ambacho ukikiweka kwenye mizani hakimfikii jogoo wangu hata akiwa amenyonyolewa.

Kituoni niliulizwa thamani ya mali. Nikataja shilingi 100,000, kwa kuwa jogoo huyo ndiye saa yangu ya alfajiri na hajawahi kuniomba vocha. Askari akatabasamu. "Mzee wangu, hapa tunaandika bei ya sokoni, mapenzi hayaandikwi." Akaandika 25,000.

Hayo niliyameza. Kilichonikaba ni pale mpwa wangu anayesoma sheria aliponifungulia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kumbe kifungu cha 265 kinamtishia mwizi kifungo cha hadi miaka 7, awe ameiba sindano au kabati, isipokuwa pale ambapo mazingira ya wizi au aina ya kitu imewekewa adhabu yake. Bei anabaki nayo hakimu wakati wa kupima adhabu. Kisha kinakuja kifungu cha 268, kinachotaja ng'ombe, punda, ngamia, kondoo, mbuzi na hata nguruwe, pamoja na watoto wao, na hapo kikomo kinapanda hadi miaka 15. Nilifuta miwani nikasoma tena. Kuku hayumo. Kwa hiyo kitoto kisichojua hata ladha ya majani kina miaka 15, na jogoo mwenye mitetea tisa ana 7!

Mpwa akanifariji kwamba Marekani ningelia zaidi, maana huko majimbo yamejiwekea viwango vya bei: California, wizi wa mali isiyozidi dola 950 kwa kawaida ni kosa dogo, na Texas, mali isiyofika dola 100 kwa kawaida huishia kwenye faini. Dola 950 ni zaidi ya shilingi milioni 2. Kwa bei ya yule askari, mwizi angelazimika kukomba majogoo wa mtaa mzima ndipo aitwe mwizi mkubwa.

Jana kitoto cha mbuzi kimepatikana kikiwa kimefungwa chini ya mwembe, kizima, kinanyonya. Jogoo amerudi manyoya manne, yaliyotiwa kwenye bahasha kama kielelezo. Nilipomuuliza afande kama nayo yana bei ya sokoni, aliniomba nimpishe mwenye shida ya pikipiki.