Tumbaku ya manukato inataka kiko chake

Hapa Tabora hakuna wa kutufundisha tumbaku. Nenda Urambo, Kaliua au Sikonge, kila mwenye shamba anajua jani la juu na jani la chini, anajua moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ukipandishwa haraka jani linaungua rangi, anajua kusimama pembeni mwa mteuzi, anayepanga madaraja ya tumbaku, siku ya soko huku moyo ukimdunda. Lakini mazungumzo yakihamia kwenye kiko, watu wale wale wanachagua kwa macho. Kimepinda vizuri, kinang'aa, basi kinanunuliwa. Kwa tumbaku ya kawaida unaweza kuponea hapo. Kwa tumbaku ya manukato, ile ya vanila, cheri au rumu inayokuja kwenye makopo kutoka nje, huponei, na mimi naona inafaa tuseme wazi kwa nini.

Tumbaku hii imeshiba maji na sukari kabla hujaiwasha. Sehemu kubwa huwa ni jani la hewa, lililokaushwa polepole kivulini kwa wiki kadhaa hadi sukari yake ya asili ikaisha karibu yote. Jani la namna hiyo hunywa ladha kama sifongo, ndiyo sababu watengenezaji wanalipenda. Jani letu la mvuke ni tofauti, kwa kuwa joto la bani huiwahi sukari kabla haijapotea, na utamu unabaki ndani ya jani lenyewe. Kisha kuna kavendishi, tumbaku inayopigwa mvuke na kukandamizwa mpaka iwe nyeusi na laini, na juu ya yote hayo huongezwa propilini glaikoli ili mchanganyiko usikauke koponi. Sasa mtu anaiwasha, inazimika. Anaiwasha tena, anavuta kwa nguvu, na kinachomfikia mdomoni ni mvuke wa moto. Ulimi unababuka. Atakuambia tumbaku ni kali, kumbe ni laini kabisa, ila imechemka.

Kwa hiyo kiko cha tumbaku hii kina kazi mbili, kupokea joto na kupokea maji. Mengine ni mapambo.

Anza na ukuta wa kichwa. Uwe mnene. Ukishika kiko chenye ukuta mwembamba kikiwa kimewaka, vidole vinakwambia mapema. Tundu la kujazia tumbaku liwe la wastani, milimita 20 hivi kwa upana, lisiwe refu sana, maana kadiri tundu linavyokwenda chini ndivyo maji yanavyojikusanya kitakoni na robo ya mwisho ya tumbaku inageuka uji. Nami nasimama na kiko kilichonyooka. Kilichopinda kinapendeza na hakichoshi meno, sikatai, lakini pale kwenye kona ndipo maji yanapotuama na kuanza kukoroma kila ukivuta. Kilichonyooka unapitisha kijiti cha kusafishia katikati ya uvutaji, kinafika mpaka ndani, kinatoka kimelowa, unaendelea. Kama kina nafasi ya kichujio cha milimita 9 ni bora zaidi kwa tumbaku hii. Wazoefu wengi wanakidharau kichujio kwamba kinapunguza ladha. Kwenye tumbaku yenye ladha ya kumwaga namna hii, sioni hasara.

Dukani fanya jambo moja ambalo muuzaji hatalipenda. Washa tochi ya simu, mulika ndani ya tundu, utafute kijitundu cha hewa kilipotokea. Kiwe chini kabisa na katikati. Kikitokea juu ya kitako, hata milimita chache tu, chote kilicho chini yake kitabaki kibichi na kichungu kila siku, na hakuna ufundi wa kuvuta utakaorekebisha. Halafu vuta hewa kiko kikiwa kitupu. Ipite bila kelele. Kikipiga mluzi, njia ni nyembamba mahali fulani au haijakutana sawasawa. Vaniishi nene inayong'aa kama kabati jipya iache hapo hapo.

Kuhusu mti, hapa nina ugomvi na mapenzi yetu kwa mbao za nyumbani. Mninga ni fahari ya misitu ya miombo, na mpingo sina la kusema, lakini viko vya kuchonga vinavyouzwa kwa watalii viwekwe kwenye rafu. Mpingo una mafuta na hupasuka kwa joto la ndani, na vumbi la mninga hujulikana kwa mafundi kwa kuwasha pua na kifua. Brayari imeshinda duniani kwa sababu: ni uvimbe wa kwenye mzizi wa kichaka cha nchi za Mediterania, mgumu, haushiki moto upesi, na huchemshwa kwa saa nyingi kisha kukaushwa kwa miezi kabla ya kuchongwa. Una tabia moja tu, unakumbuka. Ukivuta vanila humo mwezi mzima, tumbaku safi utakayoweka baadaye itanukia vanila. Ndiyo maana nasema kiko cha manukato kiwe cha manukato peke yake.

Mirshamu, jiwe jeupe na jepesi la kuchongea viko, halina kumbukumbu hiyo, na sisi Watanzania tulikuwa nalo. Lilichimbwa Sinya, upande wa Longido karibu na Amboseli, na Arusha kulikuwa na kiwanda kilichotengeneza viko vya jiwe hilo, vingine vikivalishwa ngozi, vikiuzwa nje kwa jina la Kiko na alama ya tembo. Leo vinasakwa na wakusanyaji wa vitu vya kale Ulaya. Inaniuma kwamba kijana wa Tabora anaweza kulima tumbaku maisha yake yote asijue hata hilo.

Harufu nzuri isimdanganye mtu, lakini. Moshi wa kiko, hata usiposhushwa mapafuni, huleta saratani ya mdomo na koo, na nikotini ya tumbaku ya cheri ni nikotini ile ile. Asiyevuta asianze, na kiko kisiwashwe chumba walimo watoto. Haya nayaandika kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta.

Kwa huyo, ushauri wangu ni kuanza na kiko cha gunzi la mahindi. Kampuni ya Missouri Meerschaum ya Marekani imekuwa ikivitengeneza tangu 1869, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya brayari nzuri. Gunzi hunywa maji ya tumbaku lenyewe, halihitaji kuzoeshwa, na halimtesi mgeni. Asali ambayo wengine hupaka ndani ya kiko kipya acheni mezani, tumbaku hii ina sukari ya kutosha. Kabla ya kujaza, tandaza tumbaku kwenye karatasi, hasa miezi ya masika, kisha ibane kwa vidole: ikiachia yenyewe iko tayari, ikibaki donge ingoje. Mkulima yeyote wa hapa ana vidole vya kazi hiyo. Gunzi likianza kuungua kitakoni, litupe uchukue jingine, na kama kufikia hapo bado unaipenda tumbaku hiyo hiyo, ndipo utoe pesa ya brayari.