Figo ikishatolewa Mbeya: iteketezwe au iende maabara?

Tuseme mama wa Tukuyu anapewa rufaa kwenda Hospitali ya Kanda Mbeya kwa uvimbe wa figo, na daktari anaitoa figo nzima. Inapelekwa patholojia kuangaliwa kama ni saratani, kisha inayobaki huteketezwa. Sehemu iliyo mbali na uvimbe mara nyingi ni nzima, na ndani yake mna vimeng'enya kadhaa (protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini), kikiwamo renini, kinachoanzisha mlolongo wa kupandisha presha. Je, maabara zetu zianze kuvitenga na kuvichunguza?

Wanaotaka hivyo wana hoja. Renini iligunduliwa na Robert Tigerstedt na Per Bergman mwaka 1898 kwenye figo za sungura, lakini wanyama hawajibu kila swali: protini ya binadamu ambayo renini yetu huikata, renini ya panya haiikati. Hoja yao nyingine siikubali. Wanasema Waafrika wengi wenye presha wana renini kidogo, kwa hiyo tuchunguze figo zetu wenyewe. Kinachopungua hapo ni kiasi kwenye damu, na hicho hupimwa kwa kutoa damu mkononi tu.

Kazi yenyewe ni ngumu. Nyama husagwa kwenye ubaridi wa nyuzi 4, huzungushwa kwa mashine hadi makapi yatuame, protini hutuamishwa kwa chumvi ya amonia salfeti, kisha huyeyushwa tena na kupitishwa safu baada ya safu ya kuchuja. Renini ni chache mno tangu mwanzo, na kila safu inakula sehemu yake. Umeme ukikatika usiku, jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri likapata joto, kazi ya miezi imekwenda. Tena siku hizi jeni ya binadamu hupandikizwa kwenye seli zinazofugwa, nazo zikazalisha kimeng'enya hicho. Hata dawa ya Gaucher, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa kimeng'enya, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991 ilikuwa kimeng'enya kilichotoka kwenye makondo ya nyuma ya wazazi, maelfu kwa maelfu. Kufikia 1994 ikapatikana iliyozalishwa na seli.

Linalonisumbua zaidi ni ridhaa. Sisi tumekua na habari za mumiani, na hofu hiyo haikosi msingi: mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa Baltimore, Marekani, bila yeye kuulizwa, zikasambaa duniani. Mama aliyelala akingoja kisu hawezi kumkatalia daktari wake kirahisi. Aulizwe na mtu mwingine asiye daktari wake, kwa Kinyakyusa kama ndiyo lugha yake, na ajue kwamba akikataa atatibiwa vilevile.

Kwa hiyo wanafunzi wajifunzie figo ya nguruwe, ambayo buchani Mbeya haiadimiki. Kipo kimeng'enya kinachovunja amino asidi (vijenzi vya protini) za aina iitwayo D, alichokigundua mwanabiokemia Hans Krebs kwenye figo mwaka 1935. Cha nguruwe kina rangi ya njano, hivyo kadiri kinavyotakata mwanafunzi anaiona kazi yake kwa macho. Hapo ndipo mkono unapozoea kupima kasi, asidi na joto kinachopendelea.

Likibaki swali ambalo nguruwe wala seli haziwezi kulijibu, liandikwe, kamati ya maadili ilipitie, ndipo mama wa Tukuyu aulizwe. Asiulizwe figo yake ikiwa tayari kwenye ndoo.