Ugali Mnausingizia Bure, Angalieni Dumu la Mafuta

Wifi yangu kanunua chai ya kupunguza tumbo. Kaiona kwenye status ya WhatsApp, katoa hela ambayo ingetosha mboga ya nyumba nzima kwa wiki mbili, na sasa anashinda chooni. Nilipogeuza pakiti nisome kilichomo, cha kwanza kabisa ni sanamaki. Nimekasirika, na sitaki kuificha hasira hiyo.

Sanamaki ni dawa ya kulainisha choo. Bibi zetu walitunywesha tulipofunga choo, na hakuna hata mmoja aliyesema inapunguza unene. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa karibu chote kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni kinyesi na maji. Asubuhi mizani inashuka, jioni ukishakunywa maji inarudi pale pale. Ukiizoea, unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Nyie mnaoiuza kwa dada zetu, mnawaumiza watu.

Na huyu wifi, pamoja na ile chai, kaacha ugali kabisa. Wali hagusi, viazi hagusi. Anakula mchicha na samaki. Nikafurahi, mpaka nilipoingia jikoni nikaona mchicha wenyewe: umelala kwenye mafuta, na samaki kazamishwa kwenye kikaango mpaka kakauka.

Ndugu zangu, hapa ndipo tunapokosea nyumba kwa nyumba. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kula kina kalori kama 120. Vijiko vitatu vinakaribia nguvu iliyomo kwenye gramu 100 za unga wa mahindi. Yaani unaweza kuususia ugali, halafu ukaula wote ndani ya mboga bila tumbo kujua kwamba limeshiba. Na nani jikoni kwetu anapima kwa kijiko? Tunainamisha dumu juu ya sufuria, tunahesabu kwa macho, kitunguu kikianza kulia tunaongeza kidogo, nyanya zikishika chini tunaongeza tena.

Jaribuni jambo moja. Siku mnayofungua chupa ya lita moja, andikeni tarehe kwenye lebo kwa kalamu. Kama mko wanne na imeisha kwa siku nne, kila mmoja wenu amekula kalori kama 500 za mafuta kila siku, kabla hamjahesabu tonge wala kipande cha nyama. Ikifika siku kumi, ni kama 200. Chakula ni kile kile, sahani ni zile zile, na hakuna aliyelala njaa.

Kupunguza kwenyewe hakuhitaji ufundi. Kijiko kimoja au viwili kwa sufuria ya familia, kitunguu kikaangwe kwa moto mdogo, kikianza kushika weka maji kidogo badala ya mafuta, nyanya ziingie, funika zijipike kwa mvuke wake. Mchicha uingie mwisho. Samaki abanikwe kwa ndimu na chumvi. Kwenye nazi, tumieni zaidi tui la pili.

Nakubali, mafuta hayafai kuondolewa yote. Vitamini A na K za kwenye mboga za majani hazifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo, na watoto wadogo wanayahitaji wakue, kwa hiyo msiwapikie chukuchuku kwa sababu ya tumbo la baba. Nakubali pia kwamba ule mlima wa ugali wa saa tatu usiku lazima upungue, na dona inashibisha kuliko sembe. Lakini mlima unaonekana kwa macho. Mafuta hayaonekani, ndiyo maana nayapigia kelele.

Sukari nayo msiisahau. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongeza ikiwezekana isifike asilimia 5 ya nguvu tunayokula, kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Vikombe viwili vya chai, vijiko vidogo vitatu kila kimoja, umeshafika. Soda ya mchana yote ni ziada.

Ugumu wenyewe najua ulipo. Kwetu mafuta ni heshima. Mchuzi ukielea mafuta juu, mgeni anaondoka akisifu. Ukiwa mkavu, mama mkwe anauliza kama kuna mgonjwa humu ndani. Mke akipunguza, mume anaonja tonge la kwanza na kusukuma sahani. Nimewaona wanawake wakipika sufuria mbili kila jioni, moja yao na moja ya wengine, na hilo halidumu mwezi, kwa sababu mkaa ni ghali na mtu anachoka. Mwisho wanarudi kwenye sufuria moja, ile ya mafuta.

Basi jambo hili liongelewe na nyumba nzima kabla ya kwenda dukani. Mnunue chupa ndogo, kijiko kikae pembeni yake jikoni, na mama mkwe aelezwe mapema, kwa heshima, kabla hajaja Jumapili.