Magharibi ya Marekani mikononi mwa mchezaji

Watetezi wa michezo ya video yenye maudhui ya kihistoria hupenda kuutaja Red Dead Redemption 2, uliotolewa na Rockstar mwaka 2018, kama ushahidi kwamba mchezo unaweza kufundisha historia ya Magharibi ya Marekani, na hoja yao si nyepesi. Kisa chake kimewekwa mwaka 1899, wakati mpaka wa walowezi ulikwisha kufungwa, yaani hapakuwa tena na nchi mpya ya wao kusonga mbele kuikalia, na majambazi wake si mashujaa wa kufungua nchi bali ni watu waliopitwa na wakati, wanaosakwa na wapelelezi wa kampuni binafsi ya Pinkerton kwa fedha za tajiri, huku wenyeji asilia wakisukumwa nje hata ya eneo walilotengewa, kwa sababu ya mafuta. Katika Chuo Kikuu cha Tennessee mchezo huo umetumiwa kama mlango wa kuingilia somo la historia.

Hata hivyo, mchezaji hujifunza zaidi kwa anachotenda kuliko kwa anachosimuliwa. Katika Red Dead Redemption ya mwaka 2010, anayewaua nyati wote hupewa tuzo yenye jina la itikadi ya karne ya 19 iliyodai kwamba Wamarekani wamejaliwa kulitwaa bara zima. Wapo wanaoiona tuzo hiyo kuwa kejeli, nami nakubali kwamba inachoma. Lakini maangamizi halisi ya nyati hayakuwa kazi ya bunduki moja: baada ya 1870 viwanda vya ngozi vilihitaji malighafi ya mikanda ya mashine, reli zikasafirisha shehena, na wakuu wa jeshi wakaona faida ya kuyanyima mataifa ya wenyeji asilia wa nyikani nyati waliokuwa chakula chao. Soko hilo la ngozi halimo mikononi mwa mchezaji. Kilichomo ni bastola tu, na hapo ndipo ngano ya mtu mmoja hodari inaporejea kwa mlango wa nyuma.

The Oregon Trail, mchezo wa safari ya walowezi kwenda magharibi uliobuniwa Minnesota mwaka 1971 na walimu wanafunzi watatu, ulikuwa mkweli zaidi kuhusu maradhi na njaa njiani, ila nchi yote ilionyeshwa kutoka kwenye kiti cha mkokoteni wa mlowezi. When Rivers Were Trails wa mwaka 2019 unageuza kiti hicho: mchezaji ni Mwanishinaabe, mmoja wa wenyeji asilia, anayehamishwa kutoka Minnesota, jimbo lilelile, katika miaka ya 1890, na kila uamuzi wake unafanyika juu ya ardhi ambayo wengine wameshaigawana.